Siga moja, ukumbi mzima: kwa nini "meza ya wavutaji" haitoshi kwenye baa zetu

Mwezi wa saba ukifika Mbeya, hakuna anayehitaji kuambiwa afunge dirisha. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa nayo karibu mita 1,600. Saa mbili usiku watu wanaingia baa na masweta na makoti, mlango unarudishiwa, pazia linashushwa, na kama kuna jiko la mkaa linasogezwa karibu na kaunta. Ndani kunakuwa na joto zuri. Ni katika ukumbi kama huo, mwaka jana, ndipo nilipomwona mzee mmoja nadhifu akitoa siga mfukoni.

Naposema siga simaanishi sigara ya kawaida. Namaanisha ile nene ya kahawia, iliyoviringishwa kwa jani la tumbaku lenyewe badala ya karatasi. Si kitu cha kila siku huku kwetu. Wengi wanavuta sigara za pakiti, na vijijini bado utawakuta wazee na msokoto. Siga unaikuta zaidi kwenye baa za hoteli, harusini, au mtu anaposherehekea mkataba.

Mhudumu wa ukumbi ule alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Kijana mmoja aliyekuwa akivuta sigara meza ya jirani alishaambiwa atoke nje, akatoka bila ubishi. Mzee wa siga hakuambiwa kitu. Alipelekewa kisahani cha majivu na pole ya kukosa kiberiti. Nilipomuuliza dada kwa nini, alinijibu huku akifuta meza: "Mdogo wangu, nitamwambiaje bosi aliyeagiza chupa nzima? Halafu yule hamezi moshi, anaonja tu. Na amekaa meza ya wavutaji."

Kwenye jibu hilo kuna imani tatu ambazo nimezisikia mara nyingi, kuanzia Mwanjelwa mpaka Miyomboni. Kwanza, siga ni ya heshima, haina ubaya kama sigara. Pili, asiyemeza moshi hadhuriki. Tatu, ukiwatenga wavutaji kwenye kona yao, wengine wako salama. Leo tuzipime moja moja.

Kabla ya hapo niweke wazi jambo moja. Mimi nimezaliwa Chunya, na ada yangu ya sekondari ililipwa na tumbaku. Najua uzito wa fungu la majani na joto la bani usiku wa manane. Kwa hiyo sijaja kuwatukana wakulima wala kumfundisha mtu mzima jinsi ya kutumia pesa yake. Nazungumzia hewa ya ndani tu, kwa sababu hiyo tunachangia.

Siga ina nini ambacho sigara haina?

Tuanzie shambani. Tumbaku inayolimwa zaidi Chunya ni ile tunayoiita ya mvuke: majani yanakaushwa kwenye bani kwa hewa moto. Ukaushaji wa namna hiyo unaacha sukari nyingi ndani ya jani. Jani lenye sukari likiungua linatoa moshi wenye asidi kidogo. Katika moshi wa namna hiyo nikotini haipiti kirahisi kwenye ngozi laini ya mdomo, ndiyo maana mvuta sigara analazimika kuuvuta mpaka kwenye mapafu ili apate anachokitafuta.

Tumbaku ya siga inaandaliwa tofauti. Majani yanakaushwa kwa hewa ya kawaida, kisha yanarundikwa na kuachwa yachachuke kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Sukari inaisha. Moshi wake unaelekea upande wa alkali, na katika hali hiyo nikotini inapenya moja kwa moja kwenye mdomo. Kwa hiyo ni kweli kwamba wavuta siga wengi hawamezi moshi. Lakini hawamezi kwa sababu hawahitaji kumeza. Nikotini inaingia kwa njia nyingine.

Wakulima wanajua kwamba nikotini ina njia nyingi za kuingia. Ukivuna tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande, bila glovu, mchana unaweza kupata kizunguzungu, kutapika na kuumwa kichwa. Kitaalamu ni sumu ya nikotini iliyopita kwenye ngozi. Mvunaji huyo hajavuta hata pafu moja.

Kuchachuka kule kunaleta na jambo lingine: kunaongeza kemikali zinazoitwa nitrosamini, ambazo baadhi yake zinasababisha saratani. Jani la nje la siga halipitishi hewa vizuri kama karatasi ya sigara, kwa hiyo tumbaku haiungui sawasawa, na uunguaji mbovu unazalisha kaboni monoksidi nyingi. Hii ndiyo gesi ileile inayoua watu wanapolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi.

Halafu kuna ukubwa. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu 1. Siga kubwa inaweza kuwa na gramu 5 mpaka 17, yaani moja tu inaweza kukaribia pakiti nzima ya sigara. Sigara inaisha kwa dakika chache. Siga kubwa inaweza kuwaka saa nzima au zaidi.

Asichomeza yeye kinakwenda wapi?

Hapa ndipo hoja ya "hamezi moshi" inapogeuka. Mvuta siga anapotoa moshi mdomoni bila kuumeza, moshi huo haujatoweka. Umeingia ukumbini. Na huo ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya moshi unaojaza chumba inatoka kwenye ncha inayowaka, wakati siga imeshikwa mkononi au imelazwa kwenye kisahani na mwenyewe anapiga stori. Moshi wa ncha unazalishwa kwenye joto la chini kuliko ule anaouvuta mtu, uunguaji wake haujakamilika, na kwa uzito uleule wa tumbaku unabeba sumu nyingi zaidi za aina kadhaa.

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Madhara kwa asiyevuta yalianza kuonekana wazi mwaka 1981, pale mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alipochapisha matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya wanawake 90,000 wasiovuta. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2002, wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuvutishwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake umetosha. Kwa asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi, hatari ya saratani ya mapafu inapanda kwa takriban asilimia 20 hadi 30, na ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30.

Kona ya wavutaji na hesabu za hewa

Sasa tuje kwenye meza ya wavutaji. Chembe nyingi za moshi wa tumbaku ni ndogo kuliko maikromita 1. Unywele wako una unene wa takriban maikromita 70. Kitu kidogo kiasi hicho hakianguki chini kama vumbi la barabarani, kinaelea kwa masaa. Na hewa ya ukumbi haitulii: watu wanapita, mlango unafunguliwa, pangaboi linazunguka, joto la miili na jiko linapandisha hewa juu. Ndani ya muda mfupi moshi wa kona moja unakuwa wa ukumbi wote.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme hewa mpya inayoingia kwa saa moja inalingana na ujazo wa ukumbi wote. Siga ikizimwa, je, baada ya saa moja moshi umeisha? Hapana, kwa sababu hewa mpya haiifukuzi ya zamani kama maji kwenye bomba. Inachanganyika nayo kwanza, halafu mchanganyiko ndio unatoka. Baada ya saa moja inabaki asilimia 37 ya moshi. Baada ya saa mbili, asilimia 14. Baada ya saa tatu, asilimia 5.

Hiyo ni madirisha yakiwa na nafasi. Sasa funga kama tunavyofunga mwezi wa saba, hewa mpya ipungue nusu. Baada ya saa moja inabaki asilimia 61. Baada ya saa mbili, 37. Baada ya saa tatu bado kuna asilimia 22. Na hesabu hii inadhani kwamba baada ya yule mzee hakuna mwingine aliyewasha.

Hii ndiyo tofauti kati yetu na watu wa pwani. Baa nyingi za Dar es Salaam ni mabanda yaliyo wazi, upepo unapita. Kanuni ya "kaeni kona ile" inaweza kupunguza kero pale. Nyanda za Juu Kusini tunafunga. Kanuni ileile ikihamia kwenye ukumbi uliofungwa inabaki maneno tu.

Kama huniamini, jaribu nyumbani. Funga madirisha ya sebule, washa kijiti cha udi kona moja, mwambie mwenzako akae kona ya mbali na mtazame saa. Mtashangaa anavyousikia mapema. Kisha kaeni nusu saa. Mtaacha kuisikia harufu ingawa udi bado unawaka, kwa sababu pua inazoea. Toka nje, vuta hewa, rudi ndani: harufu imerudi. Kwa hiyo "sisikii tena harufu" si kipimo cha usalama. Vilevile, ile dawa ya kunukia inayopulizwa ukumbini haiondoi chembe hata moja.

Na kiyoyozi je? Viyoyozi vingi vya ukutani vinaipoza hewa ileile na kuirudisha. Ripoti ya Mkuu wa Huduma za Afya wa Marekani ya mwaka 2006 ilipitia swali hili na kuhitimisha kwamba kuwatenga wavutaji, kusafisha hewa au kuongeza mzunguko wake ndani ya jengo hakuwezi kuwaondolea wasiovuta madhara, na kwamba hakuna kiwango cha moshi huu kisicho na hatari.

Nani anakaa muda mrefu kuliko wote?

Tunapojadili moshi wa baa, mara nyingi tunajadili ustaarabu wa wateja. Mvutaji mstaarabu anaomba ruhusa mezani, jirani mstaarabu anahama bila kununa. Ni tabia nzuri. Lakini mteja anakaa masaa mawili, matatu, anaondoka. Dada yangu anaingia saa nane mchana na kutoka usiku wa manane, siku sita kwa wiki. Yeye hawezi kuhama meza, maana meza zote ni zake.

Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Kila asubuhi anakohoa. Sitasema ni moshi, kwa sababu mimi si daktari wake, na baridi ya Mbeya pamoja na jiko la kuni la nyumbani vina mchango wao. Ninachoweza kusema ni kile kilichoonekana kwa watu wengine wa kazi yake.

Tarehe 1 Januari 1998 jimbo la California lilipiga marufuku uvutaji ndani ya baa. Watafiti waliwapima wahudumu 53 wa kaunta za baa za San Francisco kabla na baada ya katazo. Kabla, 39 kati yao walikuwa na kikohozi, makohozi, kubanwa kifua au dalili nyingine za njia ya hewa. Wiki chache baada ya moshi kuondoka, 23 kati ya hao 39 hawakuwa na dalili hizo tena, na vipimo vya nguvu za mapafu vilionyesha nafuu. Hawakubadilishiwa dawa. Walibadilishiwa hewa.

Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya Watanzania wazima walitumia tumbaku ya aina yoyote: wanaume asilimia 14.6, wanawake 3.2. Ni wachache. Lakini kati ya waliokwenda baa au klabu za usiku katika siku 30 kabla ya kuhojiwa, takriban robo tatu walikutana na moshi. Kwenye migahawa ilikuwa takriban theluthi moja. Yaani wachache wanawasha, karibu wote wanavuta.

Sheria inasemaje?

Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikajiunga na mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku. Sheria yetu inazuia uvutaji katika maeneo mengi ya umma, ila inaacha nafasi ya kutenga sehemu za wavutaji. Mwaka huohuo wa 2007, nchi wanachama wa mkataba zilikubaliana kwenye miongozo yao kwamba sehemu zilizotengwa ndani ya jengo hazilindi watu. Kwa maneno mengine, ile "meza ya wavutaji" ya dada imetokana na fikra za zamani kuliko ushahidi. Uganda, kwenye sheria yake ya mwaka 2015, haikuacha mlango huo: ndani ni marufuku.

Maswali ninayoulizwa

"Mbona moshi wa nyama choma husemi?" Nasema. Moshi wa kuni na mkaa nao unaumiza mapafu, na jiko la kuchomea linatakiwa likae nje au liwe na bomba la kutolea moshi. Lakini kuwa na tatizo moja si sababu ya kuongeza la pili.

"Wateja watakimbia." Woga huu ni wa kweli kwa mwenye baa anayelipa kodi ya pango. Ila umepimwa. Mwaka 2003 watafiti walipitia tafiti 97 zilizohusu biashara ya migahawa na baa baada ya sheria kama hizi. Zile zilizofanywa kwa umakini hazikuonyesha hasara, na zilizodai hasara zilikuwa na mkono wa kampuni za tumbaku. Tena kuna mfano unaotufaa sisi watu wa baridi. Tarehe 29 Machi 2004, Ireland ikawa nchi ya kwanza duniani kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, baa zikiwemo. Ireland ni baridi na mvua. Wavutaji wanatoka nje na makoti yao, wanavuta, wanarudi. Na sheria ile ilijengwa juu ya hoja ya kumlinda mfanyakazi.

"Na mkulima wa Chunya?" Baba yangu aliniuliza hivyohivyo. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania inauzwa nje ya nchi, na bei yake haiamuliwi na mahali ambapo mzee mmoja wa Mbeya anakaa kuvuta siga yake. Mkulima ana madai mazito, ya pembejeo, ya malipo yanayochelewa, ya kuni za kukaushia, na yanastahili makala yake. Mlango wa baa haumo kwenye orodha hiyo.

Basi tufanyeje?

Kama una baa, huhitaji mashine. Jenga banda nje: paa, benchi, kisahani cha majivu, bila kuta, na liwe mbali na mlango na madirisha, la sivyo moshi utarudi ndani. Kisha kanuni iwe moja kwa msokoto, sigara na siga, na aitangaze mwenye baa kwa kibao ukutani. Usimwachie mhudumu kazi ya kupambana na mteja anayemwita "binti" na anayeweza kumkosesha chenji ya kubaki.

Kama unavuta, toka nje hata kama umeagiza chupa nzima. Kama huvuti, usiishie kuhama meza. Mwambie mwenye baa, kwa adabu, kwamba ungependa ndani kusiwe na moshi. Anasikia sauti ya mteja kuliko ya mhudumu.

Nilimpigia dada wiki iliyopita, nikamsomea hesabu ya asilimia 22. Akanyamaza kidogo. "Mwaya, kumbe nikifunga kaunta saa sita bado nauvuta wa saa tatu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema atamwonyesha bosi wake, lakini niiandike vizuri, kwa Kiswahili, na fupi. Fupi imenishinda. Hayo mengine nimejitahidi.